Tofali Halichoki: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Mwendo wa Kitu Kinachorushwa Juu

Ukipita asubuhi Soweto au Pasua hapa Moshi, mahali nyumba inapopandishwa kwa tofali za kuchoma, simama dakika tano umtazame saidia fundi. Yuko chini, miguu ameitanua, anainama, anaokota tofali, analirusha juu kwa mikono miwili. Fundi yuko kwenye jukwaa la mirunda. Tofali linapanda kwa kasi, kasi inapungua, na pale pale mikono ya fundi ilipo linakuwa kama limetulia hewani. Fundi halinyakui. Analichukua tu, kama mtu anayechukua kikombe mezani, analigeuzia ukutani.

Nilimuuliza fundi mmoja kwa nini haogopi kuumia vidole. "Mwalimu," akanijibu bila kuacha kazi, "likifika hapa limeshachoka."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha niandike. Jioni nafundisha twisheni ya fizikia, kidato cha pili hadi cha nne, na karibu kila mwanafunzi huja na wazo lile lile la fundi: mkono unalipa tofali nguvu, nguvu inasafiri nalo, ikiisha njiani tofali linachoka, halafu dunia ndiyo inaanza kulivuta. Kwa macho wazo hilo linaingia akilini vizuri sana. Kwenye daftari linaharibu kila hesabu inayofuata. Tofali halichoki. Tangu lilipoachana na vidole vya saidia fundi, dunia inalivuta: likipanda inalivuta, likiwa juu kabisa inalivuta, likishuka inalivuta, na kwa kiasi kile kile muda wote. Anayelishika jambo hili moja ameshika nusu ya somo. Nusu nyingine ni kuwa makini na alama za chanya na hasi.

Tafuta limau gumu au ndimu, simu yenye kamera, futi ya fundi ya kuvuta, daftari na kikokotoo. Tafuta pia eneo la wazi lisilo na vioo wala watoto wanaokimbia. Zaidi ya hapo hakuna cha kununua.

Hatua ya kwanza: kutofautisha kasi, velositi na mchapuko

Kasi ni upesi wa kitu bila kujali kinaelekea wapi. Velositi ni kasi pamoja na uelekeo wake. Bodaboda mbili zinazopishana njia ya Marangu, kila moja kilomita 50 kwa saa, zina kasi sawa lakini velositi tofauti, kwa kuwa moja inapanda na nyingine inashuka. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika katika kila sekunde. Mchapuko unaoletwa na uvutano wa dunia tunauandika kwa herufi g, na thamani yake ni kama mita 9.8 kwa sekunde, kwa kila sekunde.

Neno "sekunde" limetajwa mara mbili hapo, na wengi hulipita haraka. Maana yake ni kwamba kila sekunde moja ikipita, velositi ya kitu kilichoachwa hewani imebadilika kwa mita 9.8 kwa sekunde, kuelekea chini.

Huwa nawapa wanafunzi mfano wa pesa. Una shilingi 30,000 mfukoni, matumizi ya nyumbani ni 10,000 kila siku, na hakuna kinachoingia. Kesho utabaki na 20,000. Keshokutwa, 10,000. Mtondo mfuko ni mtupu. Je, siku hiyo ya mtondo matumizi yamesimama? Watoto wanakula vile vile, na mtondogoo unadaiwa dukani 10,000. Jiwe lililorushwa juu kwa mita 30 kwa sekunde, tukichukua g kuwa 10, linafuata njia hiyo hiyo: baada ya sekunde moja velositi yake ni 20, baada ya mbili 10, baada ya tatu sifuri, baada ya nne ni hasi 10. Alama ya hasi ni deni, yaani jiwe sasa linaelekea chini. Na matumizi hayakusimama hata siku moja, hata ile siku ambayo mfuko ulikuwa mtupu.

Kuhusu thamani yenyewe ya g: dunia haivuti sawasawa kila mahali. Karibu na ncha za dunia g ni kama 9.83, na kwenye ikweta ni kama 9.78. Sisi wa Moshi na Arusha tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo yetu ni ile ya 9.78. Ukipanda mpaka kilele cha Kibo, mita 5,895, upungufu zaidi haufiki asilimia 0.2. Kwa hesabu za kawaida tumia 9.8. Kwenye mtihani tumia ile uliyopewa kwenye karatasi, ambayo mara nyingi ni 10, na usiibadilishe eti kwa sababu unajua iliyo sahihi zaidi.

Hatua ya pili: chora mshale kabla ya kuandika namba yoyote

Hapa ndipo maksi nyingi hupotea. Chora mstari wima. Weka alama mahali kitu kilipoachia mkono, andika sifuri. Kisha amua: juu ni chanya. Baada ya kuamua usibadili tena mpaka swali liishe.

Ukishaamua hivyo, velositi ya kurusha juu ni chanya. Mchapuko ni hasi, kwa sababu uvutano unaelekea chini, na unabaki hasi safari nzima. Kitu kikiwa juu ya alama ya sifuri, kimo chake ni chanya. Kikiwa chini ya alama hiyo, kimo ni hasi. Wapo wanaobadilisha alama ya g kitu kinapoanza kushuka, wakidhani kwa kuwa mwendo umegeuka basi na uvutano umegeuka. Uvutano haukugeuka. Ulikuwa unaelekea chini tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: kanuni tatu, na jinsi ya kuchagua moja

Tuite velositi ya kuanzia u, velositi ya baadaye v, muda t, na kimo kutoka alama ya sifuri h. Kanuni ni hizi:

v = u − gt

h = ut − ½gt²

v² = u² − 2gh

Ya kwanza ni ile hesabu ya mfukoni: ulichoanza nacho, toa kilichokatwa. Ya pili inatokana na wastani. Velositi inapungua kwa mwendo ule ule, kwa hiyo wastani wake ni nusu ya jumla ya u na v; zidisha wastani huo kwa muda, weka u − gt mahali pa v, utaipata. Jaribu kwa mkono wako mara moja, hutaisahau tena. Ya tatu inapatikana ukiunganisha mbili za mwanzo na kuiondoa t.

Kuchagua ni rahisi. Angalia swali halikutaja nini na halikuuliza nini. Kama kimo hakimo kabisa, tumia ya kwanza. Kama velositi ya mwisho haimo, tumia ya pili. Kama muda haumo, tumia ya tatu.

Hatua ya nne: limau mkononi

Toka nje. Shika limau usawa wa kifua, lirushe wima kadiri uwezavyo, kisha lidake usawa ule ule wa kifua. Mwenzako apime muda kwa simu tangu limau linapoacha mkono mpaka linaporudi mkononi. Rudieni mara tano, mchukue wastani. Mara za kwanza limau litakwenda pembeni, hiyo ni kawaida. Ukikusanya miguu na kurusha kwa mkono mmoja kutoka chini kwenda juu linanyooka.

Tuseme wastani ni sekunde 2.0. Muda wa kupanda ni sawa na muda wa kushuka, kwa hiyo kupanda kulichukua sekunde 1.0. Juu kabisa velositi ni sifuri. Kanuni ya kwanza: 0 = u − 9.8 × 1.0, hivyo u ni mita 9.8 kwa sekunde. Kimo cha juu: h = 9.8 × 1.0 − ½ × 9.8 × 1.0², yaani mita 4.9 juu ya kifua chako, ambayo inapita paa la nyumba nyingi za kawaida. Mwanafunzi anayepata jibu hili kwa mara ya kwanza hutazama juu tena. Amepima kimo ambacho futi yake haikufika.

Kuna njia ya mkato kwa jaribio hili. Chukua muda wote wa hewani, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 1.225. Hiyo ni g gawanya kwa 8, na inakupa kimo cha juu moja kwa moja. Sekunde 2.0 zinatoa mita 4.9. Lakini angalia hili: ukikosea muda ukasoma 2.1, unapata mita 5.4. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde limekuongezea nusu mita. Ndiyo maana nasisitiza mara tano na wastani. Kidole cha binadamu kinachelewa kubonyeza kwa kama sekunde 0.2.

Ucheleweshaji huo wenyewe unapimika kwa uvutano. Mwenzako ashike rula ya sentimita 30 ikining'inia wima, wewe uweke kidole gumba na cha shahada wazi kwenye sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia, uibane. Ikiwa umeibana kwenye sentimita 20, basi t = √(2 × 0.20 ÷ 9.8), karibu sekunde 0.20. Wadogo zangu wa kidato cha pili hushindana kwa jaribio hili mpaka giza linaingia.

Hatua ya tano: kaa hapo juu kabisa

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu alituuliza mchapuko wa mpira ukiwa juu kabisa ni kiasi gani. Darasa zima tukajibu sifuri. Kengele ikalia, akatoka bila kuturekebisha, na kosa hilo nilitembea nalo miaka mitatu. Kwa hiyo hapa sitaki mtu apite haraka.

Juu kabisa velositi ni sifuri. Mchapuko ni 9.8 kuelekea chini, ule ule wa mwanzo. Fikiria ingekuwa kinyume: velositi sifuri na mchapuko sifuri kwa pamoja. Mchapuko ndio unaobadilisha velositi. Kama haupo, velositi ingebaki sifuri, na limau lingebaki limening'inia juu ya ua wako mpaka leo. Kinacholirudisha ni kwamba hata katika nukta ile ya kugeuka, kukatwa kunaendelea.

Lakini macho yetu yanaona kitu kimetulia, na macho hayadanganyi kabisa. Turudi kwenye limau la sekunde 2.0. Baada ya nusu sekunde lipo kimo cha mita 3.675 (9.8 × 0.5, toa 4.9 × 0.25). Baada ya sekunde moja lipo juu kabisa, 4.9. Baada ya sekunde moja na nusu limerudi 3.675. Kwa hiyo sekunde nzima kati ya mbili, nusu ya safari yote, limau limeitumia kwenye kipande cha juu cha mita 1.225. Na 1.225 ni robo ya 4.9. Nusu ya muda ndani ya robo ya juu ya kimo. Hii ni kweli kwa chochote unachorusha, iwe kwa nguvu au kwa ulegevu, ilimradi hewa haina nafasi kubwa. Ndiyo maana mchezaji anayeruka kupiga mpira wa kichwa anaonekana kama ameganda hewani.

Hatua ya sita: kitu kilichorushwa kutoka juu, kikaangukia chini zaidi

Huu ndio mtego. Kijana yuko juu ya mparachichi kihambani, mkono wake uko mita 10 kutoka ardhini. Ameshika parachichi bovu, analitupa wima juu kwa mita 5 kwa sekunde. Linapanda kidogo, linampita, linaanguka mpaka chini. Limechukua muda gani hewani, na limegonga ardhi kwa kasi gani? Tumia g = 10.

Alama ya sifuri ni mkono wa kijana. Juu ni chanya. Ardhi iko chini ya alama, kwa hiyo h ni hasi 10. Hasi hiyo ndiyo watu huisahau. Kanuni ya pili:

−10 = 5t − 5t²

Hamisha zote upande mmoja, gawanya kwa 5: t² − t − 2 = 0. Inagawanyika kuwa (t − 2)(t + 1) = 0. Kwa hiyo t ni 2 au hasi 1. Jibu ni sekunde 2. Velositi ya mwisho: v = 5 − 10 × 2 = −15. Yaani kasi ya mita 15 kwa sekunde kuelekea chini, sawa na kilomita 54 kwa saa. Asikae mtu chini ya mparachichi wakati wa kuchuma.

Wanaotaka kuhakiki wavunje safari vipande viwili. Kupanda: 5 ÷ 10 ni nusu sekunde, kimo cha ziada mita 1.25. Kushuka: kutoka kwenye utulivu, mita 11.25, t = √(2 × 11.25 ÷ 10) = 1.5. Jumla sekunde 2. Njia zote mbili zinakubaliana, ila ya kwanza ni mstari mmoja.

Sasa lile jibu la hasi 1. Vitabu vingi husema lifute, uendelee. Mimi nakuomba ulitazame kwanza, kwa sababu lina maana. Linasema: sekunde moja kabla ya kijana kulitupa, parachichi lenye mwendo huu lingekuwa ardhini. Yaani kama mtu aliye chini angelirusha juu kwa mita 15 kwa sekunde, baada ya sekunde moja lingekuwa mita 10 juu (15 × 1 − 5 × 1 = 10) likipita usawa wa mkono wa kijana kwa mita 5 kwa sekunde, sawasawa na alivyolitupa yeye. Hesabu haijui nani alirusha. Inajua mwendo tu, nayo inaufuata mbele na nyuma. Na angalia: lingeondoka ardhini kwa kasi ya 15 na kurudi ardhini kwa kasi ya 15.

Hatua ya saba: pima g mwenyewe kwa simu

Bandika futi ukutani kwa gundi ya karatasi, kutoka sakafuni hadi mita 2. Weka simu mbali kidogo, imesimama imara, ukuta wote uonekane. Rekodi kwa video ya mwendo wa polepole, ile inayochukua picha 120 au 240 kwa sekunde. Achia limau kutoka alama ya mita 2, sehemu yake ya chini ikiwa kwenye alama. Usilisukume, fungua vidole tu.

Kisha fungua video kwenye programu inayokuruhusu kusogeza picha moja moja. Hesabu picha tangu limau linapoanza kuachia hadi linapogusa sakafu. Kwenye simu ya picha 240 nilihesabu 153. Gawanya: 153 ÷ 240 = sekunde 0.6375. Kitu kikianza kwa utulivu kanuni ya pili inakuwa h = ½gt² kuelekea chini, hivyo g = 2h ÷ t² = 4 ÷ 0.4064, ambayo ni 9.84. Ningehesabu 154 ningepata 9.72. Ukweli upo katikati ya picha hizo mbili, na hilo kwa limau na simu ni jambo la kufurahia sana.

Kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde hali ni ngumu: picha 19 zinatoa 9.97 na picha 20 zinatoa 9.0. Rudia mara nyingi. Na usipime muda kwa kutazama saa ya video ya polepole yenyewe inavyocheza. Video ya picha 240 ikichezwa kwa 30 inairefusha kila sekunde ya kweli kuwa nane.

Uzito, na hewa

Kitu kizito hakianguki upesi zaidi. Galileo Galilei alilifikia hili zaidi ya miaka 400 iliyopita kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, ili mwendo uwe wa polepole na apate kuupima. Isaac Newton akaleta sababu mwaka 1687: tofali lenye tungamo (kiasi cha maada) mara kumi linavutwa kwa kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) mara kumi, lakini pia linahitaji kani mara kumi ili mwendo wake ubadilike kwa kiasi kile kile. Kumi kwa kumi, zinafutana.

Ujaribu nyumbani. Chukua karatasi ya daftari na kitabu, viachie pamoja: karatasi inayumba, inachelewa. Sasa ilaze karatasi juu ya kitabu, isitokeze pembeni, uviachie tena. Vinafika pamoja. Uzito wa karatasi haukubadilika; kilichobadilika ni kwamba kitabu kimeizuilia hewa. Mwaka 1971 mwanaanga wa Apollo 15, David Scott, aliachia nyundo na unyoya juu ya mwezi, kusiko na hewa, vikagusa vumbi kwa wakati mmoja. Vilishuka taratibu, kwani huko g ni kama 1.6 tu.

Kwa hiyo kanuni zetu tatu zinafaa kwa limau, jiwe, tofali. Hazifai kwa mfuko wa plastiki, jani kavu la mgomba wala unyoya. Pale hewa inapokuwa na nguvu, kushuka huchukua muda mrefu kuliko kupanda, na kitu hurudi na kasi ndogo kuliko kilivyoondoka. Mvua ya masika ndiyo shahidi mzuri. Tone likianguka kutoka mita 1,000 bila hewa lingefika na mita 140 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 500 kwa saa, na hakuna mgomba ungebaki na jani. Hewa hulizuia, na tone kubwa hufika na kama mita 9 kwa sekunde.

Turudi kwa fundi na hesabu mkononi

Nilirudi kwenye lile jengo na futi. Saidia fundi huliachia tofali kwenye kimo cha mita 1.5 hivi kutoka ardhini. Mikono ya fundi iko kama mita 3.3. Tofauti ni mita 1.8. Ili tofali lifike hapo na kuishiwa velositi hapo hapo, kanuni ya tatu inasema u² = 2 × 9.8 × 1.8, hivyo u ni mita 5.94 kwa sekunde. Safari nzima ya kupanda ni sekunde 0.61.

Akirusha kwa 5.6 tofali linaishia mita 1.6, halifiki kwenye mikono, na linamrudia yeye mwenyewe. Akirusha kwa 6.1 linapita mikono kwa sentimita 10. Hiyo ndiyo anayoitaka fundi: tofali linapanda kupita kidogo, linageuka, linarudi kiganjani. Hapo mikononi lina mita 1.4 tu kwa sekunde. Na linakaa ndani ya zile sentimita 10 za juu kwa muda gani? Kupanda sentimita 10 za mwisho huchukua √(2 × 0.1 ÷ 9.8), ambayo ni sekunde 0.143, kuzishuka, vivyo hivyo. Jumla sekunde 0.29. Kumbuka rula: mkono wa binadamu huitikia kwa kama 0.20. Fundi ana muda wa kuona, kuamua na kufunga vidole, na akiba inabaki.

Lakini akirusha kwa 7.4, tofali lingepanda mita moja zaidi ya mikono, na pale mikononi lingepita na mita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 10 hizo zingepitwa kwa sekunde 0.02. Hapo vidole vinaumia.

Kutoka 5.94 hadi 6.1 ni tofauti isiyofika asilimia 3. Kijana yule anaipata kwa tofali baada ya tofali, tangu asubuhi, na tofali zenyewe hazilingani uzito. Nilimwonyesha fundi daftari. Akaangalia ile 0.29, akanyoosha viganja mbele ya kifua, akavipandisha kidogo, kisha akamwambia kijana chini, "Mdogo wangu, ongeza kidogo, lipite hapa lirudi."

Tofali lililofuata lilipita, likarudi.